Nani Alimla Mwenye Nundu?

Wembe uligota kwenye kitu kigumu, nikaongeza nguvu kidogo, na nundu, ule uvimbe mgumu ambao nyigu husababisha kwenye kijiti cha mti wa mwaloni, ikapasuka vipande viwili juu ya gazeti. Unga wa kahawia ukamwagika. Mpwa wangu, mwenye miaka 9 na asiyepitwa na jambo, akainama mpaka paji la uso likakaribia kugusa meza.

"Shangazi, kuna mdudu! Ndiye mwenyewe?"

"Siye. Mwenyewe angekuwa ameshatoka zamani."

"Sasa huyu nani?"

Nikamwambia angoje. Bado anangoja.

Alikuwa buu mweupe, hana miguu, urefu wa milimita 3 hivi, amejikunja ndani ya chumba cha duara katikati kabisa ya nundu. Nikamhamishia kwenye kioo, nikawasha taa ya hadubini. Kazini nashinda kutwa na hadubini nikitazama damu za watu, kwa hiyo nilidhani nimeshazoea vitu vidogo. Lakini damu haikugeukii. Huyu aligeuza kichwa. Na mwili wake ulikuwa na nywele, nyembamba na ndefu kupita nilivyotarajia, zimesimama kwa safu kwenye kila pingili.

Buu wa nyigu anayetengeneza nundu hana nywele. Ni laini kama alivyozaliwa.

## Nundu isiyo na tundu

Niliyoipasua ni ya aina inayoonekana kila mahali huku kusini mwa Uingereza ninakoishi: duara, ngumu, kahawia, kipenyo cha sentimita 2 au zaidi kidogo, imeng'ang'ania kijiti cha mwaloni hata majani yakishapukutika yote. Anayeisababisha ni nyigu aitwaye Andricus kollari. Jike hutaga yai kwenye chipukizi, buu akaanza kula, na mti wenyewe ukamjengea: ndani kabisa tabaka laini la chakula, kisha ukuta mgumu, kisha nyama ya sifongo, kisha ganda. Nyigu huyu aliletwa Devon kwa makusudi katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kwa kuwa nundu zake zina tanini ya kutengenezea wino na rangi za vitambaa. Wino ule hakuna anayeutaka tena. Nyigu amebaki.

Akikomaa hutoboa njia yake kuelekea nje, kwa kawaida mwezi wa Septemba au Oktoba, akaacha tundu moja safi la duara. Ndiyo maana katikati ya baridi mimi huziacha zenye tundu kubwa na kuchukua zisizo na tundu. Hizo mara nyingi mwenyewe hakufika mbali, na ndani kuna mwingine ambaye ratiba yake ni ya majira yajayo ya machipuko.

Wengine hao ni wa namna mbili. Kuna wapangaji, hasa wa jenasi Synergus, ndugu wa karibu wa watengeneza nundu ambao wamepoteza uwezo wa kuanzisha nundu yao wenyewe, hivyo hutaga kwenye ya mwenzao na watoto wao hula tishu za mti. Mwenye nundu huweza kupona au kufa, kutegemea wamekaa wapi. Halafu kuna nyigu vimelea, wadogo mno, wengi wanang'aa kijani au shaba, ambao watoto wao hula watoto wa wengine. Tegu tumboni mwa mtu hana haraka ya kukuua, kwani ukifa naye amekosa pa kukaa. Nyigu hawa hawana subira hiyo. Kila aliyefanikiwa kukua ameua.

Ulaya na nchi za jirani zinajulikana takriban spishi 100 za nyigu vimelea wanaotoka kwenye nundu za mialoni, na nundu za aina moja huweza kuandamwa na spishi 10 au zaidi. Kwa hiyo swali la mpwa wangu halikuwa dogo.

## Anayetoka na anayekula

Njia rahisi ya kujibu ni kungoja. Unaweka nundu kwenye chupa yenye kitambaa cha neti, unaiacha nje ipate baridi yake, na machipuko yakifika unaona nani katoka. Buu ambaye umeshamfungulia nyumba unaweza kumtia ndani ya kidonge kitupu cha jelatini, kile cha kutilia dawa ya unga, akakulia humo. Huyu wangu yumo kwenye kidonge hivi sasa, kwenye kibanda cha bustani. Akitoka nyigu kamili nitahesabu pingili za papasi, zile pembe nyembamba za kichwani, nitatazama mishipa ya mabawa, nitafungua mwongozo, nitapata jina.

Jina hilo halitanituliza.

Nimezunguka na jambo hili wiki nzima nzima kabla ya kulielewa vizuri. Nyigu anayetoka kwenye nundu anakuambia alikuwemo. Hakuambii alimla nani. Huenda alimla mwenye nundu. Huenda alimla mpangaji aliyekuwa amemuua mwenye nundu. Huenda alimla nyigu kimelea mwenzake aliyekuwa ameshiba mwenye nundu. Mlango ni uleule, na orodha ndefu zilizoandikwa kwa kungoja wadudu watoke kwenye chupa haziwezi kutenganisha mambo hayo matatu.

Mkanganyiko wa nundu ni wa zamani. Francesco Redi, tabibu wa Italia aliyeonyesha mwaka 1668 kwamba funza wa nyama hutokana na mayai ya nzi na si kwa nyama kuoza, alifika kwenye nundu za mialoni akakwama. Akaona afadhali kusema nafsi ya mmea ndiyo inayozaa wale wadudu. Mtu yuleyule! Marcello Malpighi ndiye aliyeandika mwaka 1679 kwamba nundu inaanzia kwenye yai lililotagwa, baada ya kumkuta nyigu mzima mzima akiwa amechomeka mrija wake kwenye chipukizi la mwaloni. Napenda kisa hiki kwa sababu Malpighi alishinda kwa kufika mapema, mdudu akiwa bado kazini.

Na kazi ya nyigu kimelea hufanywa na buu. Yule mwenye mabawa kazi yake ni kutafuta, kutoboa na kutaga. Kula kwenyewe kumeshapita. Ukitaka kujua nani anamla nani, huna budi kupasua. Mwingereza Richard Askew alichapisha mwaka 1961 utafiti mrefu juu ya wakazi wa nundu za mialoni ya Uingereza, na uzito wake unatokana na hilo: alifungua nundu, akaangalia vyumba, akawatenganisha mabuu. Baadaye kikundi cha José Luis Nieves-Aldrey kwenye makumbusho ya sayansi asilia ya Madrid kikaingia ndani zaidi, kikichora na kupiga picha mabuu wa hatua ya mwisho, jamii kwa jamii: nywele, papasi, mdomo, mataya.

## Mataya

Kichwa cha buu wa nyigu hakina mengi. Hana macho. Papasi zake ni vinundu viwili visivyo na maana machoni pa mtu. Chenye maana ni jozi ya mataya, ya kahawia kwa sababu yamekakamaa, wakati mwili wote uliobaki ni mweupe na unapitisha mwanga.

Mataya ya buu wa mtengeneza nundu ni mapana na yana meno, yamekaa kama mbuzi ya kukunia nazi, na kweli hukuna: hukwangua lile tabaka laini la chakula ukutani mwa chumba chake. Mataya ya nyigu vimelea wengi ni membamba, yamepinda, yana ncha moja kali. Hawatafuni. Hutoboa ngozi ya mhanga na kufyonza. Mhanga huwa hai lakini hajitikisi, kwa sababu mama alipotoboa nundu alimchoma sindano ya kumpoozesha kabla ya kuweka yai pembeni yake. Chakula hakiozi, hakikimbii, hakipigani.

Nilimgeuza wangu kwa unywele wa brashi mpaka mdomo ukatazama juu. Ilichukua muda; hizo nywele za mwilini hunasa kwenye kila kitu, na nadhani ndiyo faida yake akiwa ndani ya chumba chenye nafasi, anapata pa kujishikilia. Taya moja likaonekana vizuri, kisha la pili.

Meno mawili kila upande.

Nywele ndefu pamoja na taya la meno mawili vinaelekeza kwa jamii ya Eurytomidae, na katika nundu hii mshukiwa wa kwanza ni Eurytoma brunniventris. Ni mlafi asiyechagua. Hushambulia nundu za aina nyingi kabisa, na buu wake hakomei kwenye nyama: anaweza kula tishu za nundu yenyewe, akatoboa ukuta wa chumba na kuingia kwa jirani. Kimelea anayekula mboga. Hapo nikafurahi, nikasema basi taya la meno mawili ni taya la mla vyote, ncha ya nyama na jino la mti.

Furaha hiyo haikudumu, nitaeleza kwa nini. Kwanza yale mabaki.

## Ngozi iliyosinyaa

Nilipomtoa buu, chumbani kulibaki kipande cha ngozi, kimekauka, kimegandamana na ukuta. Ungekipuliza kingeruka. Nikakilowesha tone la maji ya uvuguvugu kikafunguka polepole, na ndani yake nikaona vidoa viwili vya kahawia.

Mhanga huliwa akaisha, lakini mataya yake hayafyonzeki. Hubaki. Ukiyapata umepata kitambulisho cha marehemu, kwani mataya ya mwenye nundu na ya mpangaji hayafanani kwa umbo. Yangu yalikuwa mapana, yenye meno, na makubwa. Sina shaka yalikuwa ya mwenye nundu, na alikuwa ameshakua alipokufa.

Ningeishia hapo ningelala usingizi mzuri. Lakini pembeni ya ngozi ile kulikuwa na jozi nyingine. Membamba, madogo, yamepinda, ncha moja. Mataya ya nyigu kimelea.

Kwa hiyo vimelea wawili? Mmoja amle mwenye nundu, kisha Eurytoma aje amle huyo? Hilo hutokea. Vimelea wa nundu za mialoni wengi hawaoni tofauti kati ya buu na buu. Ilimradi ni mnene na yumo chumbani, ni chakula. Au pengine yalikuwa mayai mawili ya mama wawili, na watoto wakapigana siku ya kwanza. Mabuu wachanga wa jamii hizi huwa wepesi na wakali, na chumba kinatosha mmoja.

Au, na hili ndilo lililonikosesha raha, mataya yale ni yake mwenyewe.

Buu hujivua ngozi anapokua, kwa kawaida hupitia hatua 5, na kila ngozi anayoivua inaondoka na mataya yake. Buu wa hatua ya kwanza huwa na mataya sahili hata kama baadaye atakuwa na meno mawili. Jozi ndogo yenye ncha moja inaweza kuwa maiti ya mpinzani, na inaweza kuwa nguo ya utotoni ya huyuhuyu aliyenigeukia chini ya taa.

Kuna ushahidi mmoja mdogo, nao ni wa kinyesi. Utumbo wa mabuu wa nyigu hawa haujaunganika mpaka nyuma. Uchafu wote hukusanyika tumboni, unauona kupitia ngozi ukiwa wingu jeusi, na hutolewa kwa mara moja buu akishamaliza kula, kabla ya kuwa pupa, ile hatua ya kati ya buu na nyigu mwenye mabawa. Ni mpango wenye akili kwa mtu aliyefungiwa chumbani na chakula chake. Nilichunguza chumba kizima kwa ncha ya sindano. Hakukuwa na chembe. Maana yake hakuna aliyetangulia akamaliza safari ya ubuu humo ndani. Kama mpinzani alikuwepo, alikufa angali mchanga. Hilo linapunguza uwezekano wa mla kuliwa na kimelea mwenzake, lakini mtoto aliyeuawa na nguo ya utotoni bado vinafanana.

## Taya linasema nini hasa

Sasa lile la furaha kutodumu.

Kama meno mengi ni ishara ya kula mti, Megastigmus inabidi aelezwe. Jenasi hii ina spishi nyingi ambazo mabuu wao hula mbegu, zikiwemo za misonobari na jamaa zake. Ni waharibifu wanaojulikana kwenye vitalu vya mbegu. Mataya yao yana meno kadhaa, sawa. Lakini jamaa yao wa karibu kwenye nundu za mialoni, yule ambaye kwa muda mrefu aliitwa Megastigmus dorsalis na sasa amehamishiwa jenasi Bootanomyia, naye ana taya la meno mengi, na yeye ni mla mabuu. Upande wa pili kuna Mesopolobus wa jamii ya Pteromalidae. Anaishi chumbani, nje ya mwili wa mhanga, maisha yaleyale ya Eurytoma, ila karibu hana nywele kabisa na taya lake ni sahili.

Mwili wa buu, basi, unakutajia ukoo kwanza. Chakula unakitaja kwa sauti ya chini sana, pengine hakitaji. Ndiyo sababu picha za Madrid zinafaa kumtambua mtu wa jamii gani, na ndiyo sababu hazitoshi kusema alikula nini. Mabaki chumbani yanatakiwa pamoja na taya la mlaji.

Siku hizi kuna vinasaba. Unachukua kipande cha buu, unasoma kipande cha DNA, unalinganisha na cha nyigu wakubwa. Vimefumua mambo. Eupelmus urozonus, aliyedhaniwa kwa miongo mingi kuwa kimelea mmoja wa kila nundu, alichambuliwa mwaka 2014 kwa maumbile na vinasaba, na katika kundi lake zikaelezwa spishi mpya 11. Fikiria rekodi ngapi za "nani anamla nani" zimebaki hewani kwa siku moja.

Wapo watakaoniuliza kuhusu yule nyigu kimelea wa Florida, Euderus set, aliyevuma mwaka 2017: anamfanya nyigu mwenye nundu atoboe tundu jembamba mno, akwame kichwa, kisha yeye amle na kutokea kupitia kichwa hicho. Ndiyo, ni kweli, na ni filamu tosha. Mimi navutwa zaidi na hawa wasio na sarakasi.

## Kwa nini nawaambia nyie

Kwa sababu mkanganyiko huu wa mla mti na mla nyama haujaishia Ulaya.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mikaratusi ya Kenya na Uganda, na baadaye Tanzania, ilianza kuvimba majani. Mhusika ni Leptocybe invasa, nyigu wa milimita 1 na kitu mwenye asili ya Australia. Ni wa jamii ya Eulophidae, ambayo wengi wao ni vimelea wa wadudu wengine. Ukoo wa wauaji, mtoto akageuka mla miti. Na kwenye matunda ya mikuyu na mitini ya Afrika kuna nyigu wa jenasi Sycophila, ambayo ndugu zake ninawakuta huku kwenye mialoni. Mpaka kati ya kula mmea na kula jirani umevukwa huku na huko mara nyingi, na mataya hayabadilishwi kila mtu anapovuka.

Si maneno ya kupitisha muda. Nyigu wa nundu za michesnati (miti ya kokwa za kuliwa), Dryocosmus kuriphilus kutoka China, alipogunduliwa Italia mwaka 2002, wakulima walikuwa wanapoteza mavuno. Mwaka 2005 Waitalia wakaanza kumwachia adui yake, Torymus sinensis, na adui alifanya kazi nzuri sana. Kisha wakaanza kupata Torymus sinensis huyohuyo akitoka kwenye nundu za mialoni, ambazo hakutumwa. Hapo ndipo swali la mtoto wa miaka 9 linapokuwa na bei: katoka, sawa, lakini humo ndani alimla nani?

Kwa Leptocybe pia vimelea wamefuata, wengine wameletwa, wengine wamejitokeza wenyewe. Wamo akina Megastigmus, katika nchi kadhaa. Koo za wala mbegu. Ningependa sana kuona mataya yao.

Mwenye mikaratusi michanga kule Mufindi, Eldoret au Mbarara hahitaji kungoja baridi ya Ulaya. Nundu hukaa kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo, zimejipanga, nyingine zina wekundu. Kata kwa wembe mpya, wa zamani unaponda. Chumba kwa chumba. Ukikuta buu mnene mweupe peke yake, yumkini ndiye mwenyewe. Ukikuta wawili, au mmoja na ngozi iliyosinyaa pembeni, usiitupe ngozi. Ilowesha, tafuta vidoa viwili vya kahawia, piga picha ukiwa umeweka rula kando, halafu nitumie.